Siku Watani Walipomkamata Dokta Jayanti

Siku mliyoniaga pale zahanati mlinipa maikrofoni, nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa nimezitazama nyuso zenu, nyie madaktari vijana, nikaona wawili watatu kati yenu wana macho niliyowahi kuyaona kwa mtu mwingine zamani, nikaogopa kwamba nikianza kusema nitalia mbele ya keki. Basi nimekaa nyumbani, miguu juu ya stuli, naandika. Vyeo na mishahara waulizeni wanaopenda kuhesabu. Mimi nataka kuwaeleza habari za mtu aliyenifundisha kazi, na jinsi alivyobakiza kidogo tu kuiacha.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nilihamishiwa Dar, daktari kijana, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kabla ya hapo watu walipanga foleni ya sabuni. Ghafla maduka ya Kariakoo yakajaa sabuni za kila rangi, na foleni zikahamia kwetu hospitalini. Wagonjwa walianza kuchangia gharama. Wengine tuliwatuma dukani wakanunue glavu na sindano ndipo tuwaguse. Serikali ikaruhusu tena madaktari kufungua hospitali zao binafsi, na wenzangu wengi wakaondoka. Mmoja aliacha kabisa udaktari akafungua biashara ya mitumba, na nasikia alikuwa anakagua suruali kwa makini kuliko alivyowahi kukagua kifua cha mtu.

Asubuhi nilikuwa serikalini. Mchana nilivuka barabara kwenda kumsaidia Dokta Jayanti, aliyekuwa amefungua kliniki yake kwenye nyumba ya zamani, pale Kariakoo inapoanza kugeuka Gerezani. Ilikuwa vyumba viwili, baraza yenye benchi refu, na ukuta mmoja tuliochangia na mafundi wa kuchomelea na kunyoosha mabodi ya magari. Siku ya kwanza alinipa mgonjwa wa moyo nimsikilize. Nikaweka kipimo kifuani. Nikasikia nyundo.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Nasikia mtu anagonga bati, Dokta."

"Ngoja fundi achoke. Fundi akichoka, moyo unasikika."

Tukangoja, watatu, na mgonjwa kifua wazi, mpaka nyundo zikanyamaza. Kweli, nikausikia moyo, na mlio mdogo wa kuvuja nyuma yake, kitu ambacho miaka yote ya chuo nilikisoma tu kwenye kitabu. Ndiyo ilikuwa elimu yangu. Mpaka leo nikimwona daktari anasikiliza kifua kwa haraka huku amegeukia kompyuta, mikono inaniwasha.

Dokta Jayanti alizaliwa Dar, Upanga, kwa familia ya Kihindu ya wafanyabiashara, akaenda India kusomea udaktari, akarudi. Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kabisa, kasi na maneno ya mjini yote, kuliko changu cha Tabora. Sindano za plastiki zilipoanza kujaa madukani aliendelea kwa muda kuchemsha zile za kioo kwenye jiko la mafuta ya taa, kwa sababu alisema sufuria analichemsha mwenyewe lakini kiwandani hajui wanafanya nini. Na alikuwa na sheria moja aliyoitoa kwa mwalimu wake: mgonjwa au mtu wake aambiwe ukweli, na daktari mwenyewe, usoni, bila kuzungushwa. Alichukia madaktari wanaojificha nyuma ya manesi habari inapokuwa mbaya. Nilimheshimu sana kwa hilo, na bado namheshimu.

Lakini mtu anaweza kuzaliwa mji mmoja na wewe na bado mambo fulani yakampita pembeni. Kuna mama mmoja wa Kizaramo alikuja na kidonda mguuni, akasikia natamka jina langu, akapiga kelele, "Ah! Kabula! Huyu si Mnyamwezi huyu? Mizigo ya babu zangu umeitua wapi?" Nikamjibu kwamba mizigo naitua mguuni kwake sasa hivi, anyamaze nimchome sindano. Dokta alitoka chumbani amekunja uso, anataka kumfukuza mama wa watu kwa kunitukana. Ikabidi nimweleze kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za wapagazi wa misafara, kwamba huyu ana haki ya kunisema chochote, msibani hata harusini, na mimi sina budi kumvumilia, kisha namlipa vilevile. Dokta akanisikiliza vizuri, kwa adabu.

"Haya," akasema. "Hayo ni mambo yenu."

Alikuwa na hayo maneno mdomoni kila mara. Mgonjwa hataki kuvua hirizi apigwe picha ya kifua: mambo yenu. Ndugu kumi wanataka kuingia na mgonjwa mmoja: mambo yenu, wangoje nje. Hakusema kwa dharau. Aliona kazi yake ni ule mwili, na yaliyobaki hayamhusu, na kwa kuwa hayamhusu aliamini anatuheshimu kwa kutoyagusa.

Miaka ile watu walikufa sana. Mnajua ugonjwa ninaousema. Vijana waliokuja asubuhi kwa miguu, wiki chache baadaye unaletewa kwa mkokoteni. Na kila kifo, kila majibu mabaya, Dokta alitoka mwenyewe barazani kuyasema. Hakumtuma mtu. Akirudi ndani ananawa mikono.

Nyie leo hali iliyompata mna jina lake na mnaifanyia semina hotelini. Sisi tulisema tu "Dokta amechoka", tukadhani atalala ataamka mzima. Uchovu wake haukutoka kwa kulala. Kwanza aliacha kuuliza watoto wa mgonjwa hawajambo. Kisha majina yakamtoka, akawa anasema "yule figo", "yule kifua". Kisha akaacha kuinua uso. Alikuwa anaandika dawa huku anaita, "Mwingine!" na aliye mbele yake bado anahangaika na vifungo vya shati.

Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Dokta, alinipigia simu kliniki siku moja mumewe alipokuwa ametoka. "Kabula, jioni akifika chini ya fleti haingii. Anakaa ndani ya gari. Namwona kutoka dirishani. Chakula kinapoa, nakipasha, kinapoa tena. Huko kazini mnamfanyia nini?"

"Hatumfanyii kitu, mama."

"Basi ndiyo maana," akasema, akakata simu.

Sasa, Dokta alikuwa na mdogo wake, Kanti, muuza vipuri Gerezani. Bidhaa zilikuwa zinaingia bandarini bila kizuizi na Kanti alikuwa hana pa kuziweka. Beringi na mashafti yalifika mpaka uvunguni mwa kitanda chake. Alivitaka vile vyumba vyetu viwili viwe stoo. Na alimpenda kaka yake, msimwone vibaya. Alimwambia, kaa na mimi kaunta, upumzike. Jumatatu moja Dokta akaniita.

"Mwisho wa mwezi nampa Kanti vyumba."

Nilidhani anatania. "Na wewe?"

"Nitauza beringi. Beringi ikifa haina mjane."

"Na hawa wagonjwa, Dokta?"

"Mji umejaa madaktari, Kabula. Ruksa sasa. Watapata mwingine."

Nilikasirika sana. Mtu aliyeweza kugonga mgongo wa mgonjwa kwa vidole viwili akakuonyesha maji ya mapafu yanaishia wapi, anakwenda kuuza beringi! Nilitamani kumshika mabega nimtikise. Lakini nilimtazama usoni na sikuona wa kumtikisa. Alikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Ndipo akafa Athumani. Athumani alikuwa kuli wa bandarini, Mngindo wa huko Liwale, mtu mkubwa wa mifupa, mcheshi, moyo wake umepanuka. Dokta alimtibu kwa miaka, akimtoa maji, yakirudi, akimtoa tena. Ndiye mgonjwa pekee aliyekuwa bado anaitwa kwa jina lake. Mchana ule alikuja na mkewe, Mama Zainabu, amevimba mpaka usoni, hawezi kumaliza sentensi. Tukamlaza chumba cha ndani, tukampa sindano, tukatuma mtu akatafute gari la kumkimbiza hospitali kubwa. Mke tukamwambia angoje kwenye benchi. Dokta alikaa ukingoni mwa kitanda amemshika mkono. Athumani akasema maneno machache kwa sauti ndogo, Dokta akainama kumsikiliza. Mimi sikuyapata kwa sababu ya nyundo. Gari halijafika, akakata roho.

Dokta alisimama, akanawa mikono, akanawa tena.

"Dokta," nikamwambia, "ngoja nimfuate Bi Somoe. Ni shangazi yake Athumani, ndiye aliyemlea, anauza dagaa hapo sokoni, kule chini shimoni. Nitarudi naye sasa hivi."

"Mke yuko nje. Mke ndiye mwenye haki. Mimi simfichi mtu ukweli kwenye benchi langu."

Akatoka. Nikasikia kila neno. "Mama Zainabu, mumeo amefariki. Moyo wake umesimama. Tumejitahidi. Pole sana." Kisha akageukia wagonjwa waliobaki, sauti ileile, akasema, "Mwingine aingie."

Wengi wenu mmekulia nyumba ambazo sihitaji kuwaeleza, lakini najua na ninyi mmeanza kusahau. Habari ya namna ile haimwendei mjane moja kwa moja. Inakwenda kwanza kwa mtu mzima wa pembeni yake. Huyo anakusanya wanawake. Mjane anaambiwa tu mgonjwa amezidiwa, twende nyumbani. Njiani moyo unaanza kujua. Akifika anakuta wenzake wameshajifunga kanga viunoni, wanamfunga na yeye, wanamkalisha chini, ndipo anaambiwa, na mikono ya kumdaka iko tayari. Hakuna anayedanganywa pale. Anapewa muda na anapewa watu.

Mama Zainabu hakupewa. Alipiga ukelele mmoja, akatoka mbio barabarani, katikati ya mikokoteni na malori ya mizigo. Kanga ya kichwa ikadondoka, na ya kiunoni ikafunguka. Mafundi wa kuchomelea ndio waliomkamata, mmoja akavua ovaroli lake akamfunika. Mtaa mzima ulimwona vile, mke wa mtu mstaarabu, kichwa wazi, anagaagaa kwenye vumbi la vyuma. Nilimfikia nikamkumbatia palepale chini. Niliporudi ndani Dokta alikuwa anampima mtoto masikio.

Athumani alizikwa siku ileile jioni. Siku ya pili yake, Bi Somoe akaja. Mwanamke mfupi, mweusi tii, buibui limefungwa kiunoni, ananuka dagaa na hajali. Aliwapita watu wote kwenye benchi, akaingia, hakusalimu.

"Wewe ndiye Dokta Jayanti?"

"Ndiye mimi, mama. Poleni sana na msiba."

"Pole zote umeshazimaliza jana barazani. Nina swali. Ile habari nani alikutuma uipeleke?"

"Mimi ni daktari wake. Ni wajibu wangu."

"Moyo wake ulikuwa wajibu wako, na hatuna neno, umemhangaikia. Lakini kufa kwake ni kwetu. Umetuchukulia msiba wetu ukaubeba peke yako. Ona sasa ulivyoudondosha barabarani."

Dokta alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini. "Mnataka kunishitaki, mama?"

"Kukushitaki! Nitautoa wapi muda wa kukushitaki na dagaa wangu wamelala juani? Kesho tunaanua matanga. Uje ukae mkekani kama watu." Akageuka kunitazama. "Na wewe, Mnyamwezi, umlete."

Alipoondoka, Dokta aliirudisha kalamu mfukoni. Halafu akaanza kutafuta sababu. "Nikienda watasema nimekiri kwamba nimemuua."

"Usipokwenda watasema hukumjua."

"Hayo ni mambo yenu, Kabula. Mimi sijui kukaa misiba yenu. Nitakaa wapi? Nitasema nini?"

"Kwenu mtu akifa, watu hawaji kukaa?"

Akafikiri. "Wanakuja. Tunatandika shuka nyeupe sakafuni, watu wanakaa. Hawasemi kitu. Wanakaa tu, kisha wanaondoka bila kuaga."

"Basi," nikamwambia.

Tulikwenda kwa miguu, Dokta amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata. Nyumba ilikuwa ya vyumba vya kupanga, jirani na karakana za Gerezani. Wanaume wametandikiwa mikeka nje chini ya turubai, wanawake uani na masufuria. Kisomo kilikuwa kimekwisha. Dokta akavua viatu, akakaa pembeni kabisa, mgongo umenyooka. Watu walimtambua. Minong'ono ikapita. Mimi niliogopa, nasema kweli. Nilianza kutafuta kwa macho njia ya kutokea.

Hapo akatokea Komba. Alikuwa fundi magari, Mngoni, na Wangoni ni watani wa Wangindo tangu vita vya mababu zao. Mtani msibani ana ruhusa zote. Komba alikuwa amejitanda shuka jeupe kama koti la daktari, na shingoni amening'iniza mkanda wa feni wa gari. Kwanza alimwigiza marehemu: ile kutembea yake ya kupanua miguu, ule mguno wake kabla ya kukaa, jinsi alivyopenda kujisifu kwamba amebeba magunia mawili kwa mpigo. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Halafu akageuka.

"Na huyu Mhindi, nani kamwalika?"

"Mwache, huyo si mtani wako," mzee mmoja akasema. "Huyo hana utani na mtu."

"Hana?" Komba akamsogelea Dokta, akamwinamia, akaweka ule mkanda kwenye kifua chake akasikiliza. "Ngoja. Wakati Athumani anakata roho, nani alimshika mkono? Mimi? Wewe? Wangindo walikuwa wapi?" Akawazungushia watu kidole. "Alikuwa huyu. Basi leo huyu ni wa upande wa maiti. Leo huyu ni Mngindo. Mngindo, nimekukamata!"

Turubai zima likaangua kicheko. "Mngindo! Dokta Mngindo!" Na mimi nikacheka. Dokta aliduwaa, ananitazama anasubiri nimweleze, nikamwonyesha kwa mkono tu, tulia.

Komba akaanza. "Vua shati! Pumua! Nimesema pumua, nani kakwambia utoe pumzi? Wewe ni figo? Wewe nani? Maini? Maini kaa kule!" Kwa kweli alikuwa ni Dokta mtupu, mpaka kale kakunjo ka uso. Watu wanajishika mbavu. Dokta mwenyewe akaanza kutabasamu, kwanza kidogo, kisha meno yakaonekana. Sikuwa nimeyaona meno yale tangu mvua za mwaka uliopita.

Kisha Komba akasimama wima. Akanyoosha kidole kuelekea uani walikokaa wanawake, akasema kwa sauti ya Dokta, kavu, "Mama, mumeo amefariki. Pole sana." Akageuka. "Mwingine aingie!"

Hakuna aliyecheka.

Tabasamu lilimtoka Dokta usoni. Akauliza taratibu, "Ndivyo nilivyosema?"

Komba akauvua mkanda shingoni. "Ndivyo, Dokta. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemfunika shemeji ovaroli."

Dokta Jayanti akainama. Nilidhani anatafuta viatu vyake. Mabega yakaanza kutikisika, na nikasikia sauti ambayo sikuijua, maana katika miaka yote ile, pamoja na maiti zote zilizopita mikononi mwetu, sikuwahi kumsikia akilia. Alimlilia Athumani. Nadhani aliwalilia na wengine wengi ambao hata majina yao alishayapoteza. Mzee aliyekaa karibu naye akaweka mkono mgongoni pake, akauacha hapo. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Na mimi wacha nilie, nilikuwa nimechoka pia.

Baadaye Komba akapiga makofi. "Haya, Mngindo analia! Mleteeni maji. La, msimletee! Faini yake ni hiyohiyo: akayachote mwenyewe, awapelekee wanawake uani, ndoo mbili!"

Na Dokta akaenda. Akakunja suruali yake ya kitambaa kizuri, akateka maji bombani, akabeba ndoo huku maji yanammwagikia miguuni na watoto wanamfuata wanashangilia. Alipoitua ya pili, Bi Somoe akamzuia mlangoni. Mama Zainabu alikuwa chumbani, amekaa eda, hawezi kuonekana na mwanaume wa nje. Pazia lilikuwa limeshushwa.

"Ana neno anataka kukuuliza," Bi Somoe akasema. "Anataka kujua mumewe alisema nini mwisho. Wewe ndiye uliyemsikia."

Dokta akaligeukia pazia, kisha akamrudia Bi Somoe. Nikamwona anafikiri. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kumsikia akiuliza mtu yeyote.

"Mama, nimwambie mimi, au nikuambie wewe?"

Bi Somoe alimtazama vizuri, kuanzia miguu iliyolowa mpaka usoni. "Niambie mimi," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu na mtu.

"Aliniuliza kama mkewe amekula. Alisema hajala tangu asubuhi, amekaa tu kwenye benchi. Akaniambia, Dokta, mtafutie hata chai."

Bi Somoe akaingia ndani ya pazia. Tulisikia mnong'ono, kimya, halafu kilio, lakini cha chini, cha mtu aliyeegemea mtu. Dokta alisimama palepale na mikono yake mitupu. Bi Somoe alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Anasema ahsante. Anasema amekataa chakula siku zote hizi, sasa atakula." Akapaza sauti kwa waliokuwa kwenye masufuria. "Pakueni! Na huyu Mngindo wenu mpakulieni, wali mtupu na maharage, huyu hali nyama!"

Nimeyaandika haya yote kwa sababu ya yale macho niliyoyaona siku ya keki. Mnafikiri mnachoka kwa wingi wa wagonjwa. Wingi unachosha mgongo. Kinachochosha moyo ni kujidhania kwamba kila linalotokea mle chumbani ni lako peke yako: uamuzi wako, habari yako, kifo chako. Ukimwita mgonjwa na watu wake "mambo yenu", umejifungia nje, na huko nje utakufa kwa baridi. Wala msianze sasa kukariri kwamba Wangindo wanataka hivi na Wahindu wanataka vile, nimeona vipeperushi vya namna hiyo na vinanitia hasira. Baada ya siku ile binti mmoja, naye Mngindo vilevile, alituambia, "Niambieni mimi mwenyewe, na shangazi asijue." Tukamwambia yeye mwenyewe. Muulize aliye mbele yako, na kubali kwamba hujui.

Wala Dokta hakupona kwa sahani ya wali. Kesho yake alikuwa na uso uleule wa uchovu, ila aliniuliza mwanangu hajambo. Kuhusu vyumba hakusema kitu, na mimi sikuthubutu kuuliza. Siku zikaenda, nikawa naangalia kalenda ya ukutani.

Mwisho wa mwezi ukafika. Kanti alikuja asubuhi na seremala na mkokoteni umejaa mbao za rafu. Barazani watu walikuwa wamejaa kama kawaida. Kaka yake hakuwa chumbani. Alikuwa amekaa kwenye benchi, katikati ya ndugu wa mzee mmoja tuliyemkuta na uvimbe mbaya wa ini, anawaambia, "Nina majibu yake, na si mazuri. Nani kati yenu anatakiwa ayasikie kwanza? Na yeye mwenyewe mzee, mmeshamuuliza anapenda kuambiwaje?" Mabinti wakaanza kunong'onezana. Yeye akangoja, mikono mapajani.

Kanti alimwita kwa Kigujarati, kama walivyozoea. Dokta akamjibu kwa Kiswahili, benchi lote lisikie.

"Kaa, Kanti. Kuna watu mbele yako."

"Bhai, kaka yangu, mbao zimefika. Fundi anangoja."

"Nimekwambia kuna watu mbele yako."

Kanti akamtazama kaka yake, akawatazama na watu wa benchi. Akatoka nje, akasema maneno mawili na seremala, nikasikia magurudumu ya mkokoteni yanageuzwa. Kisha akarudi. Mzee mmoja akasogea kumpisha nafasi kwenye benchi, naye akakaa.